Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama wa chama chetu cha uchoraji wa brashi wa Kichina,

Mambo ya fedha sitayarudia. Taarifa ya mhazini mnayo. Niseme tu kwamba kilichotula fedha ni karatasi ya xuan, ile ya mkoa wa Anhui, China, inayotengenezwa kwa magome ya mti na mabua ya mpunga. Ya mianzi, ambayo ni nafuu, imebaki kuwa ya mazoezi.

Nafasi iliyobaki naitumia kwa jambo lililotugawa mwaka mzima: picha ya akili mnemba yenye sura ya mchoro wa brashi wa Kichina, tuipokee kwenye maonyesho yetu au tuikatae?

Waliotaka ipokelewe walikuja na hoja. Mwaka 2020, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton aliifundisha kompyuta kuchora kwa kutumia michoro 2,192 ya Kichina ya milima na mito iliyomo kwenye makumbusho. Watu 242 walipoulizwa, asilimia 55 ya majibu yao yalisema picha za mashine ni kazi ya binadamu. Novemba 2023 Mahakama ya Intaneti ya Beijing nayo ilimpa hakimiliki mtu aliyetengeneza picha kwa programu ya akili mnemba, kwa sababu maelekezo aliyatunga na kuyarekebisha mwenyewe. Tena, wakasema, kunakili si dhambi katika sanaa hii, kumo ndani ya kanuni sita za uchoraji za Xie He, mhakiki wa sanaa wa China, tangu karne ya 6.

Ni kweli kumo, lakini ni kanuni ya sita. Ya pili ni mfupa wa mstari, yaani nguvu ya brashi, na hapo ndipo nilipowaacha wenzangu. Zhang Daqian, mchoraji wa China wa karne ya 20, alinakili kazi za Shitao, mchoraji wa karne ya 17, hadi wajuzi wakadanganyika, ila alizinakili kwa mkono, juu ya karatasi isiyotiwa shabu, inayonyonya wino papo hapo. Ukisita, doa linatanuka. Ukikosea, hufuti. Mchoraji mwingine wa China, Qi Baishi, alifuga kamba wa mtoni kwenye bakuli ili awatazame, na kadiri alivyozeeka ndivyo alivyowapunguzia miguu kwenye michoro yake, nao wakazidi kuonekana hai. Programu inatupa sura ya mstari uliokwisha kuchorwa na mtu mwingine. Inapendeza, wala sikatai.

Mmoja wenu aliuliza kuhusu Victor Wong, msanii wa Hong Kong, ambaye roboti yake hushika brashi na kuchora kwa wino halisi kwenye xuan. Swali zuri, na gumu kuliko yote. Kwa kuwa hakuna kati yetu mwenye roboti, kamati haikulitungia kanuni.

Kamati imeamua hivi: ukuta mkuu ni wa wino na karatasi, na waamuzi watageuza kila mchoro waone wino ulivyopenya upande wa nyuma. Picha za programu zitapewa ukuta wao na zitaandikwa wazi kuwa ni za programu. China yenyewe imelazimisha alama ya namna hiyo tangu Septemba 1, 2025. Muhuri mwekundu usigongwe juu ya picha hizo za programu. Muhuri ni sahihi ya mchoraji.

Nafasi za katibu na mtunza vifaa ziko wazi. Majina yaifikie kamati kabla ya mkutano mkuu. Na aliyeazima jiwe kubwa la kusagia wino alirudishe, darasa la wanaoanza linalihitaji.

Mwenyekiti