"Okoka" si sawa na "okolewa"

Mhariri,

Vipaza sauti vya krusedi hapa Malindi vina neno moja: "Okoka leo!" Halafu hufuata nyongeza: "Mungu ameshamaliza yake, imebaki yako." Nyongeza hiyo ndiyo iliyonifanya niandike.

Kuokoka hakumtaji mwokoaji. Kamba hukatika, chungu huvunjika, mtu huokoka. Nani kafanya, kitenzi hakisemi. Waefeso 2:8 yasema "mmeokolewa", na hapo lazima awepo anayeokoa. Matendo 2:40 ina mtego mkubwa zaidi: tafsiri ya Union imeandika "Jiokoeni", ilhali Kiyunani ni kutendwa, yaani "mwokolewe". Mahubiri mazima hujengwa juu ya hiyo -ji-!

Katika Waefeso hiyo hiyo watu hubishana: "ambayo hiyo haikutokana na nafsi zenu" ni neema au ni imani? Kwetu maneno hayo yote mawili ni ngeli moja, basi sarufi haituamulii. Kiyunani yote mawili ni jinsia ya kike, lakini kiwakilishi kinachofuata si cha kike. Kinashika jambo zima: kuokolewa, kwa neema, kwa njia ya imani. Hakikubaki kipande cha kuita chetu.

Msiseme hayo ni ya Calvin, mwanamatengenezo wa karne ya 16, peke yake. Mtaguso wa Orange, mkutano wa maaskofu huko Ufaransa ya leo, mwaka 529, uliamua kwamba hata mwanzo wa imani ni kazi ya neema. Wafuasi wa Arminius, mwanateolojia Mholanzi aliyepinga mafundisho ya Calvin juu ya kuchaguliwa, walikiri vivyo hivyo katika tamko lao la 1610. Walichobishania na wafuasi wa Calvin juu ya neema hiyo, hadi Sinodi ya Dort ya 1618–1619, mkutano wa kanisa huko Uholanzi, ni kama yaweza kukataliwa. "Imebaki yako" haina kwao hata kwa Arminius.

Na anayesema "kama nimechaguliwa nitaingia tu" asijifiche nyuma ya Dort, iliyofundisha kwamba Mungu huchagua wa kuokolewa. Sinodi hiyo iliagiza Injili itangazwe kwa watu wote, pamoja na amri ya kutubu na kuamini.

Kwa wahubiri, basi: mkisoma Wafilipi 2:12, "utimizeni wokovu wenu", msifunge Biblia kabla ya 13, panaposemwa kuwa hata kutaka kwetu ni kazi ya Mungu ndani yetu. Wala msimtangaze mtu ameokoka kwa kuwa amerudia sala ya toba. Ndiyo maana mkono ulioinuliwa Aprili huinuliwa tena Desemba: mwenyewe alifundishwa kuutegemea. Mtembeleeni baada ya siku tatu, mumuulize anamtegemea nani. Akijibu, "Mimi niliinua mkono," anzeni naye upya.

Katekista,
Malindi