Kitanda kimekwenda jaani na jirani alikuwa akikihitaji

Mhariri, assalaam aleikum.

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme jambo linaloniuma. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Langoni hapa Lamu, na ninayoyasema ni ninayoyaona kwa macho yangu.

Mwezi wa Shaabani watu walipokuwa wanasafisha nyumba kungoja Ramadhani, nilikuwa nimekaa barazani jioni ukapita mkokoteni wa taka. Juu kabisa kuna kitanda cha mtoto cha mbao kimelazwa ubavu, miguu yote minne iko, vanishi bado inang'ara, kasoro yake fito moja tu imekatika. Nikamwambia yule kijana anaeusukuma, mwanangu, hebu nishushie hicho. Akakivuta, lakini kilikuwa kimeshamwagikiwa maji ya samaki na pampasi zimepasukia juu yake, harufu haisemeki, nikashindwa hata kukishika, na yeye ana haraka manake analipwa kwa safari. Kikaenda jaani. Sasa nyumba ya tatu kutoka kwangu kuna binti amejifungua, hajatimiza hata arubaini, mtoto analala kwenye godoro chini na chandarua kimefungiwa mguu wa kiti. Nilijua hayo, nilimpelekea uji asubuhi ya siku ile ile. Usiku ule sikulala vizuri wallahi.

Kesho yake nikamuuliza mwenye kitanda, na huyu ni mtu mwema sana wala si bakhili. Akaniambia dadangu kile kimevunjika, nimpe nani, ataona namdharau nampa uchafu wangu. Na yule mzazi nilipomuuliza mbona hukusema mwanangu kama huna kitanda, akasema aliona haya, watu watasema mumewe ameshindwa. Yani mmoja anaona haya kutoa, mwengine anaona haya kuomba, na kitu kizima katikati yao kinaenda kuchomwa moto.

Hatukuwa hivi. Mimi nimelelewa na bibi yangu na kwake mnazi haukuwa na cha kutupa. Nazi ikikunwa, machicha ni ya kuku, kifuu kinawashiwa moto au kinachongwa upawa, makumbi yanafukiwa matopeni mpaka yalainike yapigwe yasokotwe kamba, makuti ni paa, na samaki kutoka pwani anakuja ndani ya pakacha. Leso ikichakaa inakuwa winda, winda likichakaa ni tambara la kupigia deki, na tambara likiisha basi limeisha kweli. Sisemi turudi huko kote, mimi mwenyewe nimetumia pampasi na maji ya chupa nanunua mgeni akija. Ninachosema ni ile tabia ya kukitazama kitu kabla hujakitupa, hiyo tumeipoteza na tunaweza kuirudisha.

Basi nikaanza na nyumba yangu. Tuko watu saba. Nikaweka ndoo tatu uwani, moja ya vyakula, moja ya plastiki na makopo na karatasi vikavu, ya tatu ya vile visivyo na kazi. Nikawaambia watoto wiki nzima mtu asichanganye. Siku mbili za mwanzo ilikuwa vita, siku ya tatu mwanangu mdogo wa miaka sita akawa yeye ndio polisi, anamkaripia hata babake. Wiki ilipoisha nikazitazama zile ndoo. Ya chakula nilikuwa naimwaga kila siku: maganda ya ndizi na ya muhogo, machicha, wali uliolala, miba ya samaki, na vingi katika hivyo vilienda kwa mbuzi na kuku wa jirani ambae sasa ananiletea mayai. Vilivyobaki nafukia chini ya mpapai. Ya plastiki ilijaa, nilihesabu chupa thelathini na moja. Na ile ya tatu, ya taka zenyewe, haikufika hata nusu, ni pampasi na pakiti za biskuti na vile vijipakiti vya sabuni ambavyo kwa kweli sijajua la kuvifanya. Zamani nilikuwa najaza gunia zima kila siku mbili na nalilipia litolewe.

Ndio nikaona kuwa tunachanganya wenyewe kisha tunalalamika mji unanuka. Ganda la ndizi peke yake ni chakula cha mbuzi na chupa peke yake inanunulika, lakini ukivitia pamoja kwenye gunia moja vikakaa na jua letu hili siku mbili, mbuzi hali na mnunuzi hataki.

Na kwetu sisi hili lina uzito zaidi kwa sababu tuko kisiwani. Kila chupa ilikuja kwa boti, na ili irudi bara kupitia Mokowe lazima alipwe mwenye boti na hamali. Chupa ya nusu lita ni nyepesi mno, unataka zaidi ya hamsini ndio upate kilo moja, kwa hivo ukizipeleka zimejaa upepo unalipia upepo. Zikanyage. Toa kifuniko kwanza, manake kifuniko ni plastiki nyengine na kinawekwa kando. Suuza kwa maji ya kuoshea vyombo, si lazima maji safi, tone la maziwa au mafuta likibaki ndani sisimizi wanakuja na mzigo wote unakataliwa. Chini ya chupa na madumu kuna kipembe tatu na nambari ndani yake: 1 ni hizi chupa za maji na soda, 2 ni madumu ya mafuta na chupa ngumu za sabuni, 5 ni ndoo na vibakuli. Ukishazijua hizo tatu, nyingi za nyumbani umezimaliza. Betri za tochi ziweke mbali kabisa kwenye kopo lake, zisiende jikoni wala zisitupwe karibu na kisima.

Visima ni jambo kubwa. Maji ya mji huu yanategemea vile vilima vya mchanga vya Shela, mvua inanyesha inazama mchangani inakaa chini ndio tunaivuta. Tukikijaza kisiwa hiki taka tunazijaza juu ya maji yetu wenyewe. Na zikichomwa moshi unaingia majumbani, muulizeni mtu yeyote mwenye mtoto wa pumu usiku upepo ukigeuka.

Kuna watakaosema watu wetu hawabadiliki. Si kweli. Tarehe 28 Agosti 2017 majuala ya nailoni yalipigwa marufuku nchi nzima, faini mpaka milioni 4 au jela mpaka miaka minne, na watu wakasema haitawezekana kwenda sokoni bila juala. Ikawezekana. Vikapu vikarudi. Tulikuwa tunaona punda wanakula yale majuala wanafunga tumbo wanakufa, na mji huu bila punda mizigo utaibeba wewe kichwani. Na hapa hapa Lamu ndipo palipoundwa ile dau ya Flipflopi, akina fundi Ali Skanda walichukua plastiki karibu tani 10 iliyookotwa pwani na mitaani wakaiyeyusha wakaipiga mbao, wakaivisha champali kuukuu kama 30,000 za kila rangi, ikashushwa majini 2018 na mwaka uliofuata ikatia tanga mpaka Zanzibar, kilomita 500. Watoto wangu waliigusa kwa mikono yao. Kwa hivo mafundi wa kuigeuza plastiki kuwa kitu tunao, wanataka plastiki iliyo safi na iliyotengwa, na hiyo inatoka jikoni kwangu na kwako.

Sasa lawama nayo niiseme. Wiki ile nilipomaliza kutenga, nikatoa magunia yangu mawili mlangoni, la vikavu na la taka, kila moja limefungwa vizuri, na mbele ya macho yangu mwenye mkokoteni akayapasua akamwaga yote pamoja. Simlaumu yeye, mkokoteni wake ni mmoja na hakuambiwa. Nikaenda kwenye ofisi inayohusika, nikazungushwa kutoka chumba hiki mpaka kile, mwisho nikaambiwa niandike barua. Basi barua ndio hii. Kuna sheria ya usimamizi wa taka ya mwaka 2022 inayotaka taka zitengwe pale pale zinapotoka, na kaunti zina kazi yake humo ya kutafuta mahali pa kuchambulia. Hatuombi majengo ya mamilioni. Tuwekewe siku ya chakula na siku ya vikavu, mikokoteni isichanganye, na kila mtaa upate kibanda kimoja chenye paa ambapo mtu anaweza kupeleka chupa zake zikangoja boti. Na hawa vijana wanaookota chupa wapewe glavu na heshima yao, manake kazi wanayotufanyia hakuna mwengine aliyekuwa akiifanya.

La kugawa vitu halihitaji ofisi yoyote, na hapa nawageukia majirani zangu. Baada ya ile habari ya kitanda tukakubaliana nyumba nne za uchochoro wetu, kila Alhamisi baada ya Alasiri mtu mwenye kitu asichokitumia akiweke kwenye baraza langu. Anaekitaka anakichukua, haulizwi wewe nani wala una shida gani, na hapigwi picha. Hilo la picha tulilisema kwa mkazo, manake siku hizi mtu akitoa kilo mbili za mchele lazima zionekane kwenye Watsap, na aliyepokea anaonekana na mji mzima. Na alietoa anasema ukweli wa kitu chake, anaandika kwenye kikaratasi: feni inazunguka, swichi mbovu. Nguo ziwe zimefuliwa. Godoro liwe limeanikwa jua, na kama lina kunguni halitoki, hata kama ni la bei gani, mtu asipelekewe balaa nyumbani kwake. Dawa hapana, na waya wa umeme uliochubuka hapana.

Nilidhani vitakuja vitu viwili vitatu. Alhamisi ya kwanza zilikuja sare za shule za mtoto alieruka darasa, madaftari yenye kurasa nyeupe nusu, sufuria mbili bila mifuniko, kiti cha plastiki. Ya pili mama mmoja akaleta jagi la blenda, mota yake iliungua zamani, akaliweka kwa aibu pembeni kabisa. Akatokea mzee mmoja wa mtaa wa pili, ana mota nzima nyumbani na jagi lake lilipasuka, alikuwa akitafuta jagi tupu madukani hapati. Akalishika akaligeuza huku na huku, akaangalia kisu, akaangalia mpira wa chini. Akasema hili ndilo. Jioni hiyo hiyo alituletea juisi ya ukwaju kwenye jagi lile lile, tukanywa sote barazani, na tangu siku ile hakuna anaeona haya kuleta kilichovunjika.

Fito ya kitanda je? Alhamisi ya nne kililetwa kitanda chengine, kidogo kuliko kile, kimepungukiwa fito mbili. Seremala wa hapa jirani akazikata kutoka kwenye mbao za kreti akazipiga msasa, hakutaka pesa. Mtoto wa yule binti analala juu yake sasa, chandarua kimepata pa kufungwa, na kuna mama wa Wiyoni mwenye mimba ya miezi mitano ameshakuja kukitazama na kusema huyu akikua, yeye ndie wa pili.

Mama wa wanne,
Langoni, Lamu.