Mtoto wa mbwa mliyeniuzia, na mama yake ambaye hamjanionyesha

South B,
Nairobi.

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

Bwana/Bibi,

MINT: KUREJESHEWA SH 73,400 NA KUELEZWA ALIKOTOKA MTOTO WA MBWA MLIYENIUZIA

Nimepata jibu lenu la WhatsApp kwamba dhamana yenu ya afya ni ya saa 48 tu, na kwamba kwa huruma mko tayari kunipa mtoto mwingine badala ya yule aliyekufa. Dhamana hiyo siitambui na mtoto huyo mwingine simtaki. Naandika kwa njia rasmi ili sababu zangu ziwe kwenye karatasi, maana kule kwenye simu ujumbe wenu umeanza kufutwa mmoja mmoja. Nimeshauhifadhi wote.

Tangazo lenu linasema nyinyi ni wafugaji wa mbwa wa aina ndogo, kwamba Maltese wenu huzaliwa na kulelewa kwenu Ruiru, na kwamba kila mtoto huondoka akiwa na umri wa wiki kumi, ametolewa minyoo na "chanjo zote zimekamilika". Nilitaka kumwona mama yake kwanza. Mkanijibu kwamba wageni hawaingii kwa sababu wanaleta magonjwa, nitamwona siku ya kumchukua mtoto, ila nitume Sh 20,000 za kumshikilia, ambazo hazirudishwi. Siku yenyewe ilipofika, mama akawa ghafla "amepelekwa kliniki", na mahali pa kukutana pakahamishwa hadi kituo cha mafuta kando ya Thika Road. Sh 25,000 zilizobaki nilizilipa pale pale, mjumbe wenu akiwa amekalia pikipiki bila hata kuizima.

Mtoto alikuwa ndani ya katoni ya mafuta ya kupikia, juu ya gazeti lililolowa. Alikuwa mweupe pepepe na ananukia poda ya watoto. Nilimuuliza mjumbe wenu kama ni dume au jike, akafungua katoni kuangalia, kisha akasema nitajua nikifika nyumbani. Mtoto alikuwa anatetemeka. Nikaambiwa ni baridi. Nyumbani, nilipompitishia kitana, poda ikapukutika na viroboto wakakimbia kutoka tumboni kuelekea masikioni. Fizi zake, ambazo zingepaswa kuwa za waridi, zilikuwa zimepauka kama za mtu aliyeishiwa damu. Nilimpigia daktari wa mifugo, akaniambia nimpake asali kidogo kwenye fizi mara moja, kwa sababu mbwa wa aina ndogo akiwa mchanga hivyo hawezi kukaa muda mrefu bila kula. Sukari hushuka mwilini, analegea, anatetemeka, na anaweza kuzimia. Alipolamba asali ile kutetemeka kulipungua. Haikuwa baridi.

Sasa kadi ya chanjo. Naambatisha nakala yake na naomba muitazame mkiwa mmekaa. Mahali ambapo daktari hubandika stika inayotoka kwenye kichupa cha chanjo, yenye namba ya toleo na tarehe ya mwisho ya matumizi, hakuna kitu. Kuna tiki za kalamu ya bluu, zote za mkono mmoja na wino mmoja, na sahihi isiyo na jina wala namba ya usajili wa daktari. Chanjo ya kichaa cha mbwa nayo imewekewa tiki, ilhali kwa kawaida huanza kutolewa mtoto anapofikisha miezi mitatu, na nyinyi wenyewe mlisema ana wiki kumi. Daktari alipomfungua mdomo alikuta magego ya utotoni hayajatoka yote. Alimkadiria wiki tano, akizidi sana sita. Nendeni mkapige hesabu: siku ambayo kadi yenu inadai alichanjwa mara ya kwanza, mtoto huyu huenda alikuwa hata macho hajafumbua.

Na hata angekuwa kweli na wiki kumi, maneno "chanjo zote zimekamilika" yangekuwa ya uongo vilevile. Chanjo ya parvo, ugonjwa wa virusi unaoua watoto wa mbwa, huanza kati ya wiki ya sita na ya nane, na hurudiwa kila baada ya wiki mbili hadi nne mpaka mtoto afikishe wiki 16 hivi, kwa sababu kinga aliyoipata kwa mama yake huweza kuizuia chanjo isishike, na hakuna anayejua kwa hakika kinga hiyo itaisha lini. Anayefuga mbwa kama kazi analijua hili kuliko mimi. Mimi nimelijulia kwenye benchi la kliniki.

Nije kwenye saa 48. Njugu (binti yangu ndiye aliyempa jina hilo) alianza kutapika kabla wiki haijaisha, kisha akaharisha damu. Kipimo kilionyesha parvo. Aliwekewa maji ya mshipa, akapewa dawa za kuzuia kutapika, akafa usiku akiwa kliniki. Bili ni Sh 28,400. Jibu lenu ni kwamba dhamana ilikuwa imekwisha. Naam, ilikuwa imekwisha. Virusi vya parvo vikishaingia mwilini huchukua siku tatu hadi saba kwa kawaida, pengine zaidi, ndipo dalili zionekane. Kwa maneno mengine mtoto anaweza kutoka kwenu na ugonjwa tumboni, akacheza vizuri saa zote 48 za dhamana yenu, na kuanza kuumwa nyinyi mkiwa mmeshanawa mikono. Sijui aliyeiandika dhamana hiyo alikusudia nini, lakini kwa ugonjwa unaoua watoto wa mbwa kama parvo, hiyo dhamana haidhamini chochote. Mlinidokeza pia kwamba huenda aliupata kwangu. Naishi ghorofa ya nne, katika nyumba hii hajawahi kuishi mbwa, na miguu yake haikukanyaga nje tangu atoke kwenye katoni yenu, isipokuwa alipobebwa kwenda kutibiwa.

Halafu mnataka kuniletea mwingine! Hapo ndipo nilipoamini kwamba mbwa si kazi yenu. Virusi hivi hukaa miezi mingi mahali alipolala, alipotapika, alipojisaidia. Sabuni ya kawaida haiviui. Sakafu nimeipiga Jik, lakini Jik huwezi kuimwagia sofa wala godoro la mtoto. Mtoto mchanga wa mbwa asiye na chanjo kamili akiletwa humu leo, nitakuwa namleta kufa. Mfugaji angenionya hivyo kabla sijamuuliza. Nyinyi mmenitumia picha tatu nichague.

Ndiyo maana hoja kubwa ya barua hii, kuliko hata pesa, ni mama yake yuko wapi. Nilipowabana baada ya Njugu kufa, mlinitumia picha ya Maltese mzuri aliyekaa kwenye kochi, mkasema ndiye mama na hapo ndipo Ruiru. Picha hiyo ina dirisha nyuma ya kochi, na nje ya dirisha kuna theluji juu ya miti. Nimeishi Kenya maisha yangu yote. Theluji tunayo, juu ya Mlima Kenya. Ruiru bado.

Niliwauliza pia kuhusu karatasi za usajili za East Africa Kennel Club. Mkanipa bei mbili, "na karatasi" na "bila karatasi", kana kwamba ni chipsi na chipsi mayai. Usajili wa mtoto hutegemea baba na mama wanaojulikana na waliosajiliwa; wazazi wakiwepo karatasi zipo, wasipokuwepo hazipo, na hakuna elfu kumi ya kuongeza inayoweza kuwazaa. Kwa hiyo naamini, mpaka mnionyeshe vingine, kwamba nyinyi ni mabroka. Mnanunua watoto popote wanapopatikana, wachanga kuliko inavyofaa, mnawachanganya kwenye katoni moja kutoka mabanda tofauti, mnawapaka poda, mnawauza. Ubroka wenyewe si kosa. Kosa ni kujiita wafugaji na kutoza bei ya mfugaji.

Nasema hivyo kwa sababu tangu hapo nimekutana na mfugaji halisi, mama mmoja wa Kitengela niliyeelekezwa kwake na daktari. Yeye alinihoji kuliko ukoo unaopokea posa: nani hubaki nyumbani mchana, nina watoto wa umri gani, balkoni ina wavu, mbwa wa kwanza alikufa na nini. Aliposikia parvo aliniambia wazi hanipi mtoto kwa sasa, na pesa yangu hakuigusa. Lakini alinionyesha mbwa aliyewazaa watoto, nikiwa nimevua viatu na kukanyaga dawa mlangoni. Alinipapasisha magoti ya mbwa huyo, kwa sababu mbwa wa aina ndogo wana tatizo la kifupa cha goti kuchomoka, na jike mwenye tatizo hilo hafai kuzalishwa. Hamruhusu mtoto kuondoka kabla ya wiki kumi, na amenipa namba ya daktari anayewachanja nimpigie mwenyewe.

Ninachodai ni hiki. Mnirejeshee Sh 45,000 za mbwa na Sh 28,400 za matibabu, jumla Sh 73,400, katika siku 14 tangu mpokee barua hii. Mnieleze kwa maandishi Njugu alinunuliwa wapi. Muwapigie simu wote waliouziwa watoto waliosafiri au kulala naye, leo hii, si baada ya siku 14, kwa sababu mtoto anayewahiwa mapema ana nafasi ya kupona. Na tangazo lenu, ambalo hadi ninapoandika bado linasema "wamebaki wawili, wahi wako", liondolewe mpaka hao wawili waonwe na daktari aliyesajiliwa.

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa habari anazohitaji, na haki ya fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 nayo inakataza kumdanganya mnunuzi kuhusu kile anachouziwa. "Amana hairudishwi" na "saa 48" si maneno ya kufuta hayo. Siku 14 zikipita nitakwenda Mahakama ya Madai Madogo, Milimani, ambayo husikiliza madai yasiyozidi Sh 1,000,000 na ambako sihitaji wakili. Nakala ya kadi ya chanjo naipeleka kwa Bodi ya Madaktari wa Mifugo bila kungoja siku hizo, ili ijulikane sahihi ile ni ya nani. Suala la tangazo nitaliwasilisha kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, na la hao wawili waliobaki nimeshaliripoti KSPCA, shirika la kulinda wanyama.

Pesa zitumwe kwa namba ile ile ya M-Pesa iliyowalipa. Msinipigie; jibuni kwa maandishi. Nimeambatisha ujumbe wa M-Pesa wa malipo yote mawili, kadi ya chanjo, majibu ya kipimo, bili ya kliniki, tangazo lenu kama lilivyokuwa siku nilipolipa, na ile picha ya theluji.

Wenu,

(sahihi)
Mnunuzi, South B