Risala ya wahimilishaji wa ng'ombe mkoani Tabora kwa mgeni rasmi

Ndugu mgeni rasmi, viongozi, wafugaji mliotoka Nzega, Igunga, Uyui na Sikonge, mabibi na mabwana,

Karibu Tabora. Sisi tunaopandikiza ng'ombe mimba kwa mbegu za dume zilizogandishwa, risala yetu inahusu mtungi wa kuhifadhia mbegu hizo kuliko ng'ombe. Mfugaji akilalamika kwamba amelipa na ng'ombe hakushika mimba, lawama humwendea dume au mhimilishaji, kumbe huenda mbegu zilifia mtunguni.

Mbegu hukaa ndani ya naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 za Selsiasi chini ya sifuri. Mrija mmoja wa mbegu hubeba robo au nusu mililita tu, hivyo hushika joto upesi. Baridi ikipungua hata kufikia nyuzi 130 chini ya sifuri, chembe za barafu huanza kuungana na kukua, zikachana utando wa mbegu. Kuurudisha mrija kwenye baridi hakuponyi kitu, na kwa macho mrija uliokufa hautofautiani na mzima.

Ndiyo maana tunasisitiza, ndugu mgeni rasmi, kikopo kinachobeba mirija kisivuke shingo ya mtungi. Kibaki sentimita 5 au zaidi chini ya mdomo, mrija uchomolewe kwa kibanio ndani ya sekunde 8. Ukichelewa, zamisha kikopo kipoe, kisha ujaribu tena. Kuyeyusha ni kwa maji ya nyuzi 35 hadi 37, kwa sekunde 40 hivi, kwa kipimajoto na si kwa kidole. Mrija ukaushwe kabla ya kukatwa, maana tone la maji nalo huua mbegu.

Kina cha naitrojeni mtungini hupimwa kwa kijiti cha mbao: kizamishe sekunde 10, kipunge hewani, usome alama nyeupe ya barafu. Bomba lenye tundu ndani lisitumike, hurusha kimiminika usoni. Mwenye mizani apime uzito wa mtungi, kwa kuwa lita moja ya naitrojeni ni takriban gramu 800 na upotevu huonekana mapema. Barafu ikiota nje ya shingo, ombwe la ukutani, yaani nafasi isiyo na hewa kati ya kuta mbili za mtungi inayozuia joto, limetoka. Hamisha mbegu saa ileile. Chanzo chake huwa ni kugongwa, na barabara zetu na bodaboda mnazijua.

Kizibo kisikazwe. Lita moja ikigeuka hewa hufikia takriban lita 700, haina harufu, na hufukuza oksijeni. Gari likibeba mtungi, vioo viwe wazi.

Usa River mkoani Arusha, kilipo Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji, ni mbali na hapa. Kwa hiyo tunaomba mambo matatu: ratiba ya kujaza naitrojeni isiyoyumba, mtungi mmoja wa akiba usiosafirishwa vijijini, na chumba chenye madirisha pande mbili. La kwanza likikwama, mengine hayana maana.

Tunaomba kuwasilisha.