Mafuta ya transfoma ya mtaani hayafai kwa mzigo bandia

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaonye wenzangu wa redio ya ridhaa, yaani tunaowasiliana kwa redio kama burudani tu, hasa vijana wanaojiundia vifaa nyumbani, kuhusu mafuta wanayopozea mzigo bandia.

Kwa wasioufahamu, mzigo bandia huunganishwa na redio mahali pa antena ili fundi aipime bila kurusha mawimbi hewani na kuwasumbua wengine. Ndani yake huwa na rezista, yaani vipande vinavyokinza mkondo wa umeme, zenye ukinzani wa omu 50 kwa jumla, kwa mfano rezista 20 za omu 1,000 zilizounganishwa sambamba, na nguvu yote ya redio huishia humo ikiwa joto. Ndiyo maana wengi wetu huzizamisha katika kopo la rangi la lita 4 lililojazwa mafuta.

Hivi karibuni fundi mmoja aliniletea dumu la mafuta ya transfoma akisema hayana mpinzani. Kuhusu mafuta mapya yenye asili inayojulikana, yuko sahihi, kwani yametengenezwa kwa kazi hiyohiyo ya kuzuia umeme na kuchukua joto. Lakini dumu lile halikuwa na nembo wala risiti. Mafuta ya transfoma za zamani huweza kuwa na kemikali ziitwazo PCB, ambazo husababisha saratani, na ambazo chini ya Mkataba wa Stockholm wa 2001 nchi zilitakiwa ziwe zimeacha kuzitumia katika vifaa vya umeme ifikapo 2025. Huwezi kuzitambua kwa macho wala kwa harufu. Tena sote tunajua jinsi transfoma zinavyohujumiwa, mafuta yakanyonywa na mitaa mizima ikabaki gizani. Anayenunua dumu la namna hiyo anampa mwizi sababu ya kupanda nguzo nyingine.

Mimi natumia mafuta meupe ya madini yanayouzwa katika maduka ya dawa kwa jina la likwidi parafini, yale wanayopewa watu wenye tatizo la choo kigumu. Ni safi, hayana harufu, hayapitishi umeme, na kwa kawaida hayashiki moto kabla ya kupita nyuzi 150 za Selsiasi. Hapa nasisitiza kwa nguvu zangu zote, kwa sababu jina linaweza kuua: wapo wanaoita mafuta ya taa parafini, na mvuke wa mafuta ya taa unaweza kushika moto kwenye joto la nyuzi 40 tu. Yasikaribie kabisa kifaa hiki. Mafuta ya kupikia yatafanya kazi kwa muda, kisha yatachacha na kuwa mazito, na ya nazi huganda kwenye baridi ya milimani. Oili chafu ya gari ina masizi na chembe za chuma.

Wingi wa mafuta nao una maana yake. Redio ya wati 100 ikirusha mfululizo kwa dakika 10 itapandisha joto la lita 4 kwa nyuzi 9 hivi, ilhali lita moja itapanda kwa takriban nyuzi 37, na mchana wa pwani tayari tunaanzia nyuzi 30. Kopo lisijazwe hadi ukingoni, kwa kuwa mafuta hutanuka yakipata moto, na kifuniko kiachiwe tundu dogo la kupumulia.

Aliyekwisha kununua mafuta asiyoyajua asiyamwage mtaroni wala kuyachoma, maana PCB zikiungua huweza kutoa sumu kali zaidi. Ayafunge vizuri, aandike juu ya dumu kwamba ni mafuta ya transfoma, ayaweke mbali na jiko na watoto, kisha amwone afisa mazingira wa halmashauri yake.

Mpenzi wa redio ya ridhaa,
Tanga