Usukani unaoyumba hautibiwi kwa dampa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wasomaji wako wanaojitengenezea magari nyumbani. Gari la porini likishainuliwa kwa springi ndefu, kisha likaanza kutangatanga barabarani au usukani ukatetemeka likifika kilomita 70 au 80 kwa saa, dampa ya usukani, kile kifaa cha kupunguza mtetemo, ndiyo ya mwisho kununuliwa. Wengi huanza nayo. Dampa mpya huuficha mtetemo kwa muda, huku bushi (mpira wa kwenye kiungo) iliyokufa ikiendelea kutanua tundu la bolti kwenye chesisi.

Nazungumzia magari yenye ekseli nzima mbele, inayoshikwa na mikono miwili kuelekea nyuma na fimbo ya panhadi inayoizuia isihame kushoto au kulia. Land Cruiser 80, Patrol za zamani na Defender ziko kundi hili.

Kabla ya kununua chochote, tafuta kilicholegea. Gari likae juu ya magurudumu yake, yakingwe kwa vigingi, injini iwake. Mtu mmoja achezeshe usukani kushoto na kulia kwa robo mzunguko, mwingine aguse viungo kimoja kimoja: tairodi endi zote (ncha za tairodi, fimbo inayounganisha magurudumu ya mbele), pitmani (mkono unaotoka kwenye boksi ya usukani), ncha mbili za panhadi, na mahali boksi hiyo yenye gia za usukani inapofungwa kwenye chesisi, maana hapo chuma hupasuka. Ukihisi mgongano kwenye ncha ya panhadi, chomoa bolti uangalie tundu. Likiwa limekuwa kama yai, bushi mpya haitasaidia mpaka tundu lijazwe kwa kulehemu na kutobolewa upya. Kisha inua gurudumu kwa jeki, weka stendi, ulishike juu na chini ulitikise. Likicheza, mwenzako akanyage breki. Mchezo ukitoweka, ubovu ni beringi ya habu, yaani kitovu cha gurudumu. Ukibaki, ni beringi za kingpini, mhimili ambao gurudumu hugeukia.

Viungo vikiwa vizima ndipo tuje kwenye kasta. Ni ule mlalo wa kingpini kuelekea nyuma, kama uma wa baiskeli, unaoufanya usukani urudi katikati wenyewe. Ukiinua gari, mikono ya ekseli huinamia chini kwa mbele, ekseli nayo huzunguka na kichwa chake kuja mbele, kasta ikapungua. Hesabu yake si ngumu: gawa kimo ulichoongeza kwa urefu wa mkono, kisha zidisha kwa 57. Milimita 50 juu ya mkono wa milimita 900 ni digrii 3 na kidogo. Mengi ya magari haya hutoka kiwandani na digrii 3 hivi, kwa hiyo umebaki na sifuri. Usukani wa namna hiyo utakuwa mwepesi sana na hautarudi, hata ukifunga tairodi nene kiasi gani.

Dawa ni bushi za kusahihisha kasta, zile ambazo tundu lake haliko katikati. Fungua mkono mmoja tu kwa wakati mmoja. Ukifungua yote miwili ekseli itajiviringisha chini ya uzito wa gari. Kabla ya kusukuma bushi ya zamani kwa presi, chora alama kwenye mkono kuonyesha tundu lilikokuwa. Bushi ya mpira ilainishe kwa maji ya sabuni, kwani grisi ya kawaida huivimbisha. Mikono yote miwili ipate mlalo uleule, vinginevyo ekseli itajipinda kila gari linapobonyea na bushi hazitadumu.

Sasa kosa linaloua bushi mpya nyingi kuliko yote: kukaza bolti wakati gari linaning'inia kwenye stendi. Bushi ya mpira huwa imebanwa kwenye bomba lake la ndani, na mpira wenyewe ndio unaojinyonga mkono ukipanda na kushuka. Ukiikaza ekseli ikiwa imening'inia, gari likishuka mpira umeshanyongwa hata kabla ya safari, na utachanika mapema. Funga bolti kwa vidole tu, shusha gari, litikise likae kimo chake, ndipo ukaze kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) kwa kipimo cha kitabu cha gari.

Kuinua gari pia huivuta ekseli kuelekea upande ambao panhadi imefungwa kwenye chesisi. Ning'iniza uzi wenye uzito kutoka ukingo wa bodi, upime umbali hadi tairi, kushoto na kulia. Nusu ya tofauti ndiyo ekseli ilivyohama, na panhadi ya kurekebishika ndiyo ya kuirudisha. Panhadi na draglinki (fimbo inayotoka kwenye pitmani kwenda kugeuza magurudumu) zikae sambamba. Anayefunga pitmani inayoshuka chini zaidi bila kuigusa panhadi huuharibu usambamba huo, na kila shimo likipigwa usukani utageuka wenyewe.

Tairodi mpya ni kazi fupi. Pima ya zamani kutoka katikati ya endi moja hadi nyingine kabla hujaitoa. Endi ing'oe kwa pula, kifaa cha kung'olea, si kwa kuipiga nyundo kwenye nyuzi. Tundu la kotapini (kipini kinachozuia nati isifunguke) lisipolingana na nati, kaza zaidi hadi lilingane; usilegeze kamwe, na kotapini iwe mpya.

Mwisho pima toini, yaani jinsi magurudumu ya mbele yanavyoelekeana. Zungusha kila tairi likiwa juu ukichora mstari wa chaki, shusha, sogeza gari mbele na nyuma kidogo, halafu pima kati ya mistari kwa mbele na kwa nyuma, kwenye kimo cha habu. Kwa mengi mbele huwa pafupi kwa milimita 1 hadi 3, lakini fuata kitabu cha gari lako. Usukani ukikaa upande, nyoosha kwa draglinki. Kuuchomoa na kuurudisha umenyooka huiacha boksi nje ya katikati yake. Baada ya kilomita 100, pitia bolti zote tena kwa toki renchi.

Mhariri, ukurasa wako wa magari utakaposifu tena springi za kuinulia, tafadhali chapisha kando yake ile hesabu ya kasta.

Msomaji wako