Barua kwa shangazi anayesema wataalamu wa vipepeo hawajui wanachotaka

Shangazi, shikamoo.

Sauti uliyonitumia kwenye WhatsApp nimeisikiliza yote, pamoja na zile dakika ulizokuwa unamfukuza kuku. Nakujibu hadharani kwa sababu lalamiko lako wanalo wengi. Miaka yote uliyofundisha baiolojia uliwaambia wanafunzi kwamba wale vipepeo wadogo wenye mikia myembamba kama uzi kwenye mabawa ya nyuma ni kundi moja, Theclinae, ndani ya familia ya Lycaenidae. Leo mjukuu wako anafungua simu na kukuta baadhi yao wamehamishiwa kundi jingine, Aphnaeinae. Nawe umeshatoa hukumu.

Ngoja kwanza. Kilichowaponza waliowaweka kundi moja ni mkia.

Mchukue Hypolycaena philippus, ambaye huko kwenu Muheza hakosekani. Akitua hufunga mabawa, na nyuma kabisa kunabaki mikia miwili kila upande na madoa ya rangi ya chungwa yenye kitone cheusi. Kisha huanza kusugua mabawa ya nyuma, hili juu hili chini, mikia ikichezacheza mithili ya papasi, vile vipembe viwili vya kichwani. Adui anaona kichwa, anarukia pale, anabaki na kipande cha bawa mdomoni. Mwaka 2013 Andrei Sourakov wa Chuo Kikuu cha Florida alieleza majaribio aliyofanya na buibui warukao: kila walipomvamia Calycopis cecrops, jamaa wa huyu wetu anayeishi Marekani, walilenga kichwa cha uongo, naye akaponyoka.

Silaha yenye faida kiasi hicho haimilikiwi na ukoo mmoja. Lampides boeticus, ambaye kiwavi wake hutoboa maganda ya kunde na maharage, ana kimkia na jicho la bandia vilevile, lakini ni wa kundi jingine tena, Polyommatinae. Callophrys rubi wa Ulaya, mwenye upande wa chini wa kijani kibichi, ni Theclinae bila shaka, na mkia hana. Na wale Cigaritis wenye mistari ya fedha, uliokuwa ukiwachora ubaoni (ulichora vizuri, hilo nakiri), mikia wanayo, ila ndio hao waliohamia Aphnaeinae. Msikitini siku ya Ijumaa kanzu nyeupe ni nyingi, Shangazi, wala hatusemi wote wamezaliwa nyumba moja.

Sasa kuhusu hao wasiojua wanachotaka. Mwanasayansi Linnaeus alimpa jina kipepeo mmoja wa Ulaya, betulae, mwaka 1758. Mwaka 1807 mtaalamu wa wadudu Fabricius akaunda jenasi ya Thecla, na kwa muda mrefu baadaye jenasi hiyo ikawa stoo: kila kipepeo mdogo mwenye mkia aliyeletwa kutoka Amerika ya Kusini alitupwa humo. Kazi ya kuwatoa na kuwapangia jenasi zao imechukua vizazi, na leo Thecla imebaki na spishi chache tu za Ulaya na Asia. Mpangilio wa familia nzima ulifanywa mwaka 1973 na John Nevill Eliot, ofisa wa jeshi la Uingereza aliyevijua sana vipepeo vya Rasi ya Malaya, huko Asia. Alichunguza mishipa ya mabawa, miguu na viungo vya uzazi vya madume, akapata nusufamilia nane, yaani makundi makubwa ndani ya familia, kama hiyo Theclinae. Leo wengi huhesabu saba. Ila jambo ninalotaka ulione ni hili: katika kichwa cha andiko lake Eliot mwenyewe aliuita mpangilio huo wa muda. Ni sisi wa madarasani tuliougeuza msahafu.

Mimi ukiniuliza kinachowatenganisha kwa namna ya kusisimua, nakupeleka kwa viwavi. Viwavi wa kundi la Liptenini, akina Baliochila wa misitu ya pwani yetu, hawataki majani. Wanakula ule ukoga wa kijivu na kijani unaoota kwenye magome ya miti. Wale wa nusufamilia ya Miletinae ni wala nyama: Spalgis lemolea hula vidung'ata, wale wadudu wanaonyonya mimea, na pupa wake ana sura ya nyani, kabisa, macho na pua. Lepidochrysops huanza maisha akila maua kistaarabu, kisha chungu humbeba hadi kwenye kiota chao, na humo ndani huwalipa kwa kula watoto wao. Deudorix hutoboa matunda. Waulize ndugu zetu wa Oman habari za Deudorix livia na makomamanga ya Jebel Akhdar. Familia moja hiyo, Shangazi, yenye spishi zaidi ya 5,000, na wengi wao wana mikataba ya namna fulani na chungu.

Lakini hata chakula si ushahidi wa kutosha, ndiyo maana DNA imeingia kati. Wala usidhani imekuja kuwaumbua wazee wa hadubini. Vladimir Nabokov, yule mwandishi wa riwaya, miaka ya 1940 alikuwa akichambua viungo vya uzazi vya Polyommatinae kwenye makumbusho ya Chuo Kikuu cha Harvard. Mwaka 1945 alidai kwamba wale wa Amerika ya Kusini walitoka Asia kwa mawimbi matano, wakipitia Bering, pale Asia inapokaribiana na Alaska. Wataalamu wengi hawakumtilia maanani. Mwaka 2011 vipimo vya DNA vilikubaliana naye, mawimbi yote matano.

Basi jiandae, maana bado. Mwaka 2023 Akito Kawahara na wenzake walichapisha mti wa ukoo wa vipepeo wa dunia nzima, uliojengwa kwa jeni 391 kutoka spishi karibu 2,300, wakasema makabila (makundi madogo ndani ya nusufamilia) yasiyopungua 36 yanahitaji kupangwa upya. Theclinae yenyewe haijatulia: matawi yake yameingiliana na Polyommatinae kiasi kwamba mstari wa kuwagawa uliokuwa ukiuchora ubaoni haupiti tena mahali palepale. Kuna wanaotaka wote wawekwe chini ya jina moja. Mimi naona wana hoja, ingawa najua utanipigia simu kwa hilo.

Nina ombi moja kabla hujapiga. Kwenye ile michungwa ya nyuma ya nyumba kumeota kirukia, hiyo mimea inayong'ang'ania matawi na kuyanyonya. Umesema kijana atakuja kuikata wiki ijayo. Mwambie kwanza akague majani yake, juu na chini. Vipepeo wa jenasi ya Iolaus hutaga humo, na viwavi wao wamefanana mno na jani. Akimpata mmoja, mweke kwenye chupa yenye matundu pamoja na majani hayohayo ya kirukia, maana ya mchungwa hatayagusa, halafu unitumie picha akishatoka kwenye pupa. Atakuwa na mikia, nakuonya mapema. Huyo bado ni Theclinae.